Mgema Akisifiwa: Historia ya Ubora wa Michezo ya Video Itokanayo na Anime

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi akitaja neno "gemu" mbele ya wahakiki wenzake hupokewa kwa kicheko. Gemu ni mambo ya watoto, wataambiana. Fasihi ni riwaya, tamthilia na ushairi. Akiongeza kuwa gemu anayoizungumzia imetokana na anime, yaani katuni za Kijapani za televisheni na sinema, kicheko hugeuka huruma. La ajabu ni kwamba hata wachezaji wenyewe, ambao hawana habari na sisi wahakiki, wanayo hukumu yao juu ya michezo hii, nayo ni fupi: picha nzuri, mchezo hamna.

Hukumu hiyo niliisikia mara ya kwanza kibandani. Mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha gemu chenye benchi moja, runinga mbili na mwenye mali aliyehesabu mechi kuliko mhasibu wa benki. Ukiweka mpira, kila mtu alitaka kucheza nawe. Ukiweka Dragon Ball, watu walisogea kutazama, wakashangilia wahusika walipotokea, wakataja majina yao yote. Baada ya mechi mbili sauti ikatoka nyuma: "Bwana, rudisha mpira." Nami nilikuwa nimelipia mechi nne! Tangu siku hiyo nimebaki na swali moja. Hadithi ile ile iliyotufanya tusahau kutumwa dukani, kwa nini ikitiwa vitufe inachosha upesi hivyo?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kupitia historia ya michezo hiyo toka mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi karibuni. Hoja yetu ni kwamba ubora wake haukutegemea umaarufu wa shujaa wala ufanano wa picha. Ulitegemea kama watengenezaji walijiuliza swali ambalo mhakiki yeyote angeuliza: je, tendo analolifanya mchezaji kwa vidole vyake lina uhusiano gani na maana ya hadithi? Aidha, tutaonyesha kuwa kwa muda mrefu biashara iliwaruhusu wasijiulize. Methali yetu ya mgema inalieleza jambo hili vizuri kuliko nadharia nyingi: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kabla ya kuendelea, ni vema tukakubaliana juu ya jambo moja. Mchezo wa video si kitabu, wala si sinema. Katika sinema mtazamaji akisinzia, hadithi huendelea bila yeye. Katika mchezo, mchezaji akiweka mikono chini, shujaa husimama. Kwa maana hiyo mchezo wa video una undugu na ngano zetu kuliko una undugu na riwaya. Fanani anaita "Paukwa!", na hadhira isipoitikia "Pakawa!", hakuna hadithi usiku ule. Tofauti ni kwamba mwitikio wa mchezaji ni tendo. Basi ukitaka kuhakiki mchezo, hakiki kwanza mwitikio unaodaiwa kwa hadhira.

Sinema Iliyopachikwa Vitufe

Mashujaa wa katuni waliingia mapema katika mashine za kutumbukiza sarafu. Mwaka 1980 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo wa Lupin III, yule mwizi mcheshi aliyebuniwa na mchoraji Monkey Punch. Teknolojia ya wakati ule iliruhusu vijidoa tu vya rangi. Mchezaji alipaswa kuambiwa kuwa kidoa hiki ni Lupin, naye akakubali kwa imani.

Miaka mitatu baadaye likatokea jaribio la kinyume kabisa. Mwaka 1983 kampuni ya Kimarekani ya Stern Electronics ilitoa mchezo uitwao Cliff Hanger. Safari hii picha hazikuwa vijidoa. Zilikatwa moja kwa moja kutoka katika filamu mbili za Lupin, The Mystery of Mamo (1978) na The Castle of Cagliostro (1979), hii ya pili ikiwa filamu ndefu ya kwanza kuongozwa na Hayao Miyazaki. Filamu iliwekwa katika diski kubwa ya leza, Lupin akabatizwa jina la Cliff, na mchezaji akapewa usukani pamoja na vitufe viwili: kimoja cha mikono, kingine cha miguu. Gari likielekea kushoto, sukuma kushoto kwa wakati wake, ukichelewa, umekufa.

Kwa macho, hakuna mchezo wa anime uliofanana na chimbuko lake kuliko huu, kwani ulikuwa chimbuko lenyewe. Lakini mchezaji alifanya nini? Alikariri. Lupin wa filamu ni mtu wa kubuni hila papo hapo, akiponea kwenye tundu la sindano na bado anatania. Mchezaji wake alikuwa kama mwanafunzi anayemeza majibu ya mtihani wa mwaka jana. Kwa hiyo tangu mwaka 1983 tulikwisha kupata ushahidi kwamba ufanano wa picha ni jambo moja na ubora wa mchezo ni jambo jingine. Biashara haikuusikia ushahidi huo.

Leseni na Waandishi Kivuli

Mwaka huo huo wa 1983 Nintendo ilianza kuuza Japani mashine yake ya nyumbani, Famicom. Kampuni ya Bandai, ambayo asili yake ni vitu vya watoto vya kuchezea, iliona fursa. Iliwajua mashujaa wa katuni kwa sababu ilikuwa ikiuza masanamu yao. Mwaka 1985 ilitoa Kinnikuman: Muscle Tag Match, mchezo wa mieleka uliotokana na katuni iliyokuwa ikipendwa mno na watoto wa Japani. Uliuza zaidi ya nakala milioni moja. Mwaka 1986 ikafuata Dragon Ball: Shenron no Nazo. Anime ya Dragon Ball ilianza kurushwa Februari mwaka huo. Kaseti ya mchezo ilikuwa madukani Novemba. Miezi tisa tu! Nayo pia iliuza zaidi ya milioni.

Hapa yafaa tuueleze utaratibu wa leseni, maana ndio kiini cha mambo. Mchapishaji wa michezo hulipa wenye haki ya hadithi ili atumie majina na sura za wahusika. Fedha hiyo imekwisha kutoka kabla hata mstari mmoja wa programu haujaandikwa. Kisha tarehe hupangwa kufuata ratiba ya televisheni, ya filamu mpya au ya sikukuu, kwa kuwa umaarufu wa katuni haungoji mtu. Mtengenezaji hupewa kilichobaki, cha fedha na cha muda. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leseni iliipindua methali: hapa kibaya nacho kilijiuza, kwa sababu jina la shujaa lilikuwa limekwisha kukitembezea.

Jambo jingine ambalo msomaji wa fasihi atalipenda ni suala la uandishi. Kaseti hizi mbili zilibeba jina la Bandai, lakini mtengenezaji wake alikuwa kampuni ya TOSE ya Kyoto, ambayo inajulikana kwa kufanya kazi za wengine bila kutaja jina lake. Yaani ni waandishi kivuli. Tuliweke jina hilo akilini, maana litarudi.

Je, Shenron no Nazo ulikuwa mchezo mbovu? Wengi husema hivyo, na hawakosei sana. Udhibiti wake ni mzito na maadui hujitokeza ovyo. Hata hivyo ndani yake mna wazo moja zuri. Nguvu ya Goku hupungua kadiri muda unavyokwenda, hata asipopigwa, na lazima ale ili aishi. Goku wa hadithi ni mtoto mlafi asiye na mfano. Njaa ni sehemu ya uhusika wake. Kwa hiyo mahali hapo padogo kidole cha mchezaji na tumbo la Goku vilikutana. Masikini, wazo hilo lilizikwa katika haraka.

Mchezo huo ulipopelekwa Marekani mwaka 1988 uliitwa Dragon Power. Wamarekani walikuwa bado hawaijui katuni yenyewe, basi sura ya Goku ikabadilishwa, Bulma akaitwa Nora, na ile tabia ya Mzee Kame ya kutamani nguo za ndani za wasichana ikageuzwa tamaa ya sandwichi. Ukiuondolea mchezo wa leseni jina la shujaa, hapo ndipo unapouona ukiwa uchi. Kilichobaki kilikuwa kaseti ya kawaida isiyo na cha kumwita mtu.

Ikumbukwe kwamba hao hao TOSE, kwa Bandai hiyo hiyo, walijaribu njia nyingine mwaka 1988 katika Dragon Ball: Daimaō Fukkatsu, kisha mwaka 1990 katika Dragon Ball Z: Kyōshū! Saiyan. Badala ya kumfanya mchezaji arushe ngumi kwa mashine isiyoweza kuzichora, walimpa karata. Mchezaji anachagua karata, mashine inaonyesha pambano. Ni kama walisema: hatuwezi kukupa kasi ya Goku, ila tunaweza kukupa wasiwasi wa kuamua. Tunaona hapa mtengenezaji anayeijua mipaka ya chombo chake na kuigeuza kuwa fani. Mshairi anayeijua mizani hufanya vivyo hivyo.

Miaka ya 1990: Marubani na Skrini Iliyogawanywa

Mwaka 1991 ulitoa somo lililo wazi kuliko yote. Kampuni ya Banpresto ilibuni mchezo wa mikakati uitwao Super Robot Taisen, uliokusanya maroboti ya katuni mbalimbali: Mazinger Z, Getter Robo, Gundam. Mchezo wa kwanza, wa mashine ndogo ya mkononi ya Game Boy, haukuwa na marubani. Maroboti yalijiendea yenyewe kama viumbe hai. Mwaka huo huo ukatoka wa pili kwenye Famicom, na safari hii marubani waliingizwa pamoja na hadithi yao. Mfululizo uliodumu ni ule uliofuata njia ya pili. Miaka 30 baadaye, mwaka 2021, ulikuwa ungali unatoa mchezo mpya. Sababu si ngumu kuiona. Watu hawakuwa wakipenda chuma; walipenda wahusika waliomo ndani ya chuma, na walitaka kuona rubani wa hadithi hii akibishana na rubani wa hadithi ile. Mwingilianomatini, kama tupendavyo kuuita darasani, ulikuwa ndio burudani yenyewe.

Wakati huohuo Street Fighter II ya Capcom (1991) iliwasha moto wa michezo ya mapigano duniani kote. Ilikuwa rahisi kuchukua mashujaa wa anime na kuwavika umbo hilo, na wengi walifanya hivyo bila kufikiri. Dragon Ball Z: Super Butōden (1993) wa mashine ya Super Famicom ulifikiri kidogo zaidi. Mapambano ya Dragon Ball Z hayafanyiki kwenye jukwaa dogo la hatua kumi. Wahusika huruka angani, hutengana mbali, hurushiana mianzi ya nguvu kutoka upeo mmoja hadi mwingine. Watengenezaji wakaigawa skrini: wapiganaji wakitengana, mstari unatokea katikati na kila mmoja anaonekana upande wake. Umbali ukawa sehemu ya mchezo. Mtengenezaji? TOSE.

Sasa tazama mgema alivyorudi kwenye kibuyu chake. Mwaka 1995 ulitoka Dragon Ball Z: Ultimate Battle 22 wa PlayStation, uliotengenezwa na TOSE hao hao. Wahusika 22 kwenye kifuniko, lakini mchezo wenyewe mzito, na ule umbali uliogunduliwa miaka miwili nyuma haukuendelezwa kwa lolote la maana. Mwaka 1998 anime ya Dragon Ball Z ilianza kurushwa katika kipindi cha Toonami nchini Marekani na kupata watazamaji wengi mno. Basi mwaka 2003 mchezo huo, ukiwa na umri wa miaka minane na wakati PlayStation 2 imekwisha kuzoeleka, ukapelekwa Marekani kuuzwa kama bidhaa mpya. Wahakiki waliuchanachana. Ila anayeuza jina hana haja ya kuwasikiliza wahakiki.

Tusemeje basi? Wapo wanaodai kuwa michezo hii ilikuwa mibovu kwa sababu watengenezaji hawakuwa na kipaji. Ushahidi wa TOSE unaikataa hoja hiyo. Mkono ule ule ulioandika kazi dhaifu ya 1986 uliandika kazi ya busara ya 1990, ukaandika kazi ya ubunifu ya 1993, kisha ukarudi kwenye udhaifu mwaka 1995. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa, au lililoachwa bila kuulizwa.

Wavulana Wawili Waitwao Astro

Mfano bora kabisa wa hoja yetu ulitokea mwaka 2004. Mwaka uliotangulia anime mpya ya Astro Boy ilikuwa imeanza kurushwa, kwa kumkumbuka roboti mtoto aliyebuniwa na Osamu Tezuka (1928–1989) mwaka 1952, na ambaye katuni yake ya televisheni ya mwaka 1963 ndiyo iliyoweka msingi wa anime ya televisheni kama tuijuavyo. Kampuni ya Sega ilikuwa na leseni. Ikatoa michezo miwili. Mchapishaji mmoja, shujaa mmoja, msimu mmoja. Mwanasayansi hawezi kuomba jaribio safi kuliko hilo.

Wa kwanza ulikuwa wa PlayStation 2, uliotengenezwa na Sonic Team. Ulikuwa na mji mzima wa kuruka juu yake, na sura za wahusika kama zile za katuni. Wahakiki waliulalamikia kwa ufupi wake na kwa kamera iliyokuwa ikimpoteza mchezaji. Wa pili, Astro Boy: Omega Factor, ulitengenezwa na kampuni ndogo ya Treasure ikishirikiana na Hitmaker, kwa ajili ya Game Boy Advance, mashine ya mkononi yenye skrini ndogo kuliko kiganja. Ukapokewa kama mojawapo ya michezo bora ya mashine hiyo.

Kwa nini kidogo kimshinde kikubwa? Kwa sababu Treasure hawakusoma anime ile mpya peke yake, walimsoma Tezuka. Tezuka alikuwa na desturi ya kuwatumia wahusika wake kama waigizaji, akimtoa mmoja katika kitabu hiki na kumpa nafasi nyingine katika kitabu kile. Omega Factor umekusanya wahusika hao kutoka kazi zake nyingi. Na hapa ndipo penye ufundi wenyewe: Astro haongezeki nguvu kwa kuua maadui. Huongezeka kwa kukutana na watu na kuwaelewa. Kila anayemfahamu huandikwa katika orodha ya moyoni mwake, na mchezaji huruhusiwa kuongeza mojawapo ya nguvu zake, iwe ngumi, mwale au mwendo wa kuruka.

Ndugu msomaji, hebu litafakari hilo. Hadithi ya Astro toka mwanzo inauliza kama mashine inaweza kuwa na utu. Mchezo huu umeligeuza swali hilo kuwa kanuni ya uchezaji: utu ni kujua wengine, na kujua wengine ndiyo nguvu. Zaidi ya hayo, mchezaji akifika mwisho kwa mara ya kwanza anakuta maangamizi. Ndipo ndege Phoenix, aliyetoka katika kazi nyingine ya Tezuka, anamfufua Astro na kumwezesha kurudi katika nyakati zilizopita. Mchezaji anapitia tena sehemu alizozijua, lakini sasa akitafuta alichokosea na nani alimpita bila kumsikiliza. Kucheza mara ya pili, ambako katika michezo mingi ni ujazaji wa muda tu, kumekuwa dhamira. Fani imebeba maudhui, na maudhui yasingeweza kubebwa na fani nyingine.

Toka 2002 Hadi Siku za Karibuni

Baada ya mwaka 2000 hali kwa jumla iliinuka. Soko la anime lilikuwa limeenea Marekani na Ulaya, na wachapishaji wakaanza kuona kuwa mchezo mzuri huuza hata pale katuni inapokuwa imepumzika. Kazi za Dragon Ball zikapewa wajuzi wa mapigano: kampuni ya Dimps, iliyoundwa mwaka 2000 na watu waliowahi kufanya kazi katika michezo mikubwa ya aina hiyo, ilitoa Budokai mwaka 2002. CyberConnect2 ya Fukuoka ilianza mwaka 2008 mfululizo wa Naruto: Ultimate Ninja Storm. Katika mapambano yake makubwa mchezaji hubonyeza vitufe kwa wakati huku filamu ikipita, ile mbinu ya Cliff Hanger imerudi! Tofauti ni kwamba hapa filamu huja baada ya mchezaji kupigana mwenyewe na kuchoka. Ni malipo ya jasho. Haijachukua nafasi ya jasho.

Mwaka 2016 kikosi cha Omega Force cha kampuni ya Koei Tecmo kilitoa Attack on Titan. Wengi walikumbuka majitu tu. Watengenezaji walikumbuka kamba. Askari wa hadithi hiyo huruka kwa kamba zenye ndoano, na mchezo ukajengwa juu ya hisia hiyo ya kuning'inia kati ya uhai na mdomo wa jitu. Mwaka 2018 Arc System Works walitoa Dragon Ball FighterZ. Maumbo yake ni ya pande tatu, ila yamefanyiwa kazi yaonekane yamechorwa kwa mkono, hata mwendo wao ukipunguzwa ulaini makusudi ili ufanane na ule wa katuni. Zaidi ya sura, wapiganaji fulani wakimalizana katika uwanja fulani, mchezo hurudia tukio la hadithi, na mwenye kuijua hadithi peke yake ndiye anayeelewa kilichosemwa. Katika mashindano ya Evo ya mwaka 2018 mchezo huu ndio ulioandikisha washiriki wengi kuliko mingine yote. Hapo kizuri kilijiuza.

Lakini mgema hajafa. Mwaka 2019 ulitoka Jump Force, uliokusanya mashujaa wa jarida la Weekly Shōnen Jump kusherehekea miaka 50 tangu jarida hilo lianzishwe mwaka 1968. Goku, Naruto na Luffy walivikwa ngozi na misuli ya karibu na binadamu wa kweli, wakawekwa katika mitaa ya miji halisi. Matokeo yake yalifanana na watu waliovaa vinyago. Wachoraji wa wahusika hao walikuwa na mitindo tofauti kabisa, na mtindo ndio uhusika wenyewe. Ukiwasawazisha wote kwa rangi moja umewaua wote. Mwaka 2022 mchezo huo uliondolewa katika maduka ya mtandaoni. Miaka mitatu tu, na sherehe imefutwa.

Pingamizi Mbili

Huenda msomaji akasema: mwandishi anarahisisha mambo, ukipata wazo zuri, mchezo unakuwa mzuri. Hapana. Mfano wa One Punch Man: A Hero Nobody Knows (2020) unanizuia kusema hivyo. Hadithi hiyo ni ya Saitama, anayemshinda kila adui kwa ngumi moja na kufa kwa kuchoshwa na ushindi. Utamwekaje mtu wa namna hiyo katika mchezo wa mapigano? Watengenezaji walijibu kwa akili sana: Saitama huchelewa. Wenzako wawili wanapigana kwa taabu, wakimsubiri, huku saa ikikimbia. Akifika, mambo yamekwisha. Sijaona katika michezo hii wazo linaloeleza hadithi kwa ufupi kuliko hilo. Hata hivyo mchezo kwa ujumla ulipokewa kwa uvuguvugu, kwani mapigano yenyewe yalikuwa mepesi na kazi za kuzunguka mjini zilichosha. Kwa hiyo wazo ni nusu ya safari. Nusu nyingine ni muda, fedha na jasho, vitu ambavyo leseni hupenda kuvila kwanza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kwamba mchezaji wa kawaida hataki maana. Anataka kumwona Naruto akimpiga Sasuke, basi. Sina haki ya kumcheka, maana pale kibandani nami nilishangilia picha. Furaha ya kumtambua shujaa ni ya kweli, na ni kongwe. Hadhira ya ngano nayo hucheka Sungura anapotajwa tu, kabla hajafanya lolote. Ila fanani anayetegemea kicheko hicho usiku kucha atabaki na mikeka mitupu. Wale waliosema "rudisha mpira" hawakuwa wameikataa hadithi. Walikuwa wameitikia "Pakawa!" mara nyingi, na hakuna aliyewasimulia kitu.

Kuhusu uaminifu kwa matini asilia, wengine wangependa mchezo ufuate katuni neno kwa neno. Sisi tunaosoma Kiswahili tunao ushahidi wetu. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuwa Mabepari wa Venisi (1969), aliyekuwa mfanyabiashara katika jina la asili akawa bepari. Neno moja lilihamisha kazi nzima katika ulimwengu wa wasomaji wa Azimio la Arusha. Huko si kuisaliti kazi, ni kuisoma. Omega Factor umemsoma Tezuka. Cliff Hanger uliikata filamu ya Miyazaki vipande na kuipachika vitufe, bila kubadilisha picha hata moja, na haukuisoma.

Hitimisho

Tumeona kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 michezo ya video itokanayo na anime imepanda na kushuka si kwa kufuata nguvu za mashine, kwani Game Boy Advance iliishinda PlayStation 2, wala kwa kufuata vipaji, kwani TOSE waliandika mazuri na mabaya. Imepanda kila pale mtu alipouliza maana ya tendo la mchezaji na kupewa nafasi ya kulijibu, ikashuka kila pale jina la shujaa lilipotosha kuuza kaseti.

Je, haya yanatuhusu nini? Vijana wa kwetu wameanza kuandika programu za michezo, na haitachukua muda mrefu mmoja wao atamchukua Fumo Liyongo. Atakuwa na upinde, misuli na maadui wa kufyeka, na tutashangilia picha. Lakini Liyongo wa masimulizi aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba, akafa amepiga goti na upinde mkononi, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Vidole vya mchezaji vitafanya nini saa ile? Asiyeweza kulijibu swali hilo asianze kuchora. Na sisi wahakiki, tukiendelea kucheka kila linapotajwa neno gemu, tutakuwa tumemwacha mgema peke yake na kibuyu chake na mtungi wa maji.